Tanga la jonki kwenye mashua ya futi 20: pesa ziende kwenye tundu la mlingoti

Wanaotaka kubadilisha mashua ndogo iwe na tanga la jonki, lile la Kichina lenye fito, huanza kuulizia kitambaa. Kitambaa ndicho rahisi kuliko vyote. Tanga hili lina fito zinazolikatiza kutoka ukingo hadi ukingo, mzigo wa upepo unagawanyika, kwa hiyo hata turubai jepesi linafaa likishonwa kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba utaoza upesi kwa jua la hapa Ziwa Viktoria.

Kazi yenyewe iko chini. Mlingoti wa jonki hauna nyaya za kuushika. Unasimama kwa kubanwa mahali pawili tu, sitahani na kwenye kiti chake juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Chukua mashua ambayo kutoka sitaha hadi kiti ni sentimita 90, na katikati ya tanga ni mita 4 juu ya sitaha. Upepo ukisukuma tanga kwa kilo 100, tundu la sitahani linabeba kama kilo 540, na kiti kinasukumwa upande wa pili kwa kilo 440. Sitaha ya kawaida haikujengewa hayo. Itapasuka, na nyufa zitaanzia kwenye kona za tundu.

Basi chini ya sitaha gundisha kwa epoksi plaiwudi ya baharini ya mm 18, tabaka tatu, zivuke boriti ya mbele na ya nyuma ya tundu. Toboa tundu la mviringo, lisiwe la mraba, lenye nafasi ya sentimita 2 kuzunguka mlingoti, kisha jaza nafasi hiyo kwa kabari za mbao ngumu au mpira. Juu funga kipande cha tyubu ya lori kuzuia mvua. Kiti kiwe gogo la mvule, na lazima kiwe na njia ya kutolea maji. Maji ya ziwa hayana chumvi, na mbao inayolowa humo huoza haraka kuliko baharini. Weka pia pini ya kuzuia mlingoti usizunguke wala kuchomoka.

Mlingoti wenyewe: saiprasi kavu, mita 8, unene sm 14 sitahani ukipungua hadi sm 7 kileleni. Utakuwa na kilo 35 hadi 40, watu watatu wanausimamisha kwa magogo mawili yaliyofungwa pamoja kwenye ncha za juu. Mkaratusi ni imara lakini uzito wake juu unailaza mashua.

Usiuweke pale ulipokuwa wa zamani. Pima katikati ya matanga ya zamani yote mawili, halafu katikati ya tanga jipya iangukie hapo hapo. Kwa fito za mita 3.6, na asilimia 12 ya tanga ikiwa mbele ya mlingoti, mlingoti unasogea karibu mita 1.3 mbele ya alama hiyo. Mara nyingi ni katikati ya kitanda cha mbele. Ndiyo gharama yake.

Tanga la vipande sita, vinne vya chini vyenye kimo cha sm 90 na viwili vya juu vya pembetatu, linafika kama mita 18 za mraba. Fito ziwe mianzi iliyokaushwa kivulini, ya Mlima Elgon inafaa, unene sm 4 hadi 5, ikizungushwa uzi katikati ya mafundo isipasuke.

Sasa upepo wa usoni. Anayetoka Kisumu saa nane mchana kuelekea kisiwa cha Rusinga anapiga bisho, yaani anapanda upepo kwa kwenda kombo, njia nzima, na tanga bapa la jonki hapo ni mzigo. Wanaosema jonki haipandi upepo wameona tanga bapa. Kila kipande cha chini kipe tumbo: kingo zake za juu na za chini zikatwe kwa mbinuko, zizidi sm 7 kila moja mahali penye tumbo kubwa, yaani thuluthi moja na kidogo kutoka mbele. Vya juu viwili viache karibu bapa, maana ndivyo vinavyobaki wakati wa dhoruba.

Demani, kamba ya kuvutia na kulegeza tanga, hugawanyika kwenda ncha za nyuma za fito. Kapi la sitahani likikaa karibu mno na tanga, kamba zitanasana kila ukigeuza. Anza na mita 1.8. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ipite kwenye makapi mara tatu, kwa hiyo nunua mita 30 za kamba ya mm 10.

Blondie Hasler, Mwingereza, alivuka Atlantiki mwaka 1960 na mashua yake Jester yenye tanga la aina hii, akawa wa pili kwenye mashindano ya wanaosafiri peke yao. Kwetu faida inaonekana radi inapoanza kunguruma jioni: unalegeza henza ukiwa umeketi, vipande viwili au vitatu vinajikunja kwenye kamba za kubebea, na hakuna anayetambaa mbele.

Hilo lijaribu ukiwa umefunga gatini kabla ya kuondoka. Foromali, mti wa juu unaobeba tanga, ishuke kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama, mara nyingi ni kamba zinazokumbatia mlingoti zimefungwa kwa kubana. Ziache zilegee sm 5, na uzivalishe mpira wa bomba la bustani uliokatwa vipande ziteleze.