Haya

Leo siku ya nne na bado naisikia ile "haya" ya mama.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Wakaguzi wamekuja ofisini, wamekaa siku tatu, wameondoka. Barua ya kupanda cheo, ile mliyoniombea tangu mwezi wa nne, imetoka. Doto kang'oka jino la mbele akalimeza na ugali. Yote yamepita. Kilichonibakia ni neno moja lililosemwa Jumamosi usiku juu ya kilima pale Capri Point, hapa Mwanza, kwenye mgahawa ambao nimeupita kwa chini miaka kumi na moja nikijisemea kwamba nikipanda cheo nampeleka mama.

Nianzie mezani. Menyu ilikuwa ya Kizungu, jalada la ngozi, nzito kama Biblia ya mimbarani. Mama akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Nisomee."

Nikamsomea. Sangara wa kuchoma, siagi na limau.

"Shilingi ngapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Imeandikwa 48,000, naiona kwa macho yangu, na mdomo wangu ukasema, "15,000, mama."

"Haya."

Hiyo haya ya kwanza haina shida. Ni haya ya mtu aliyeona bei ni ghali lakini inavumilika. Nilidanganya kwa sababu namjua. Ningesema ukweli angeagiza chai ya rangi, adai ameshiba tangu mchana, halafu njia nzima kurudi anipigie hesabu hiyo ni sado ngapi za dagaa. Mama kila kitu hukipima kwa sado. Ada ya shule yangu alikuwa akiijua kwa sado, mahari yangu pia, na Baba Kulwa hadi leo anauliza alitoka sado ngapi.

Mhudumu alikuwa kijana mdogo, shati jeupe limenyooka. Pale mlangoni alituinamia kidogo akasema "Welkamu." Mama akamjibu, "Marahaba." Kijana akakaa kimya kama sekunde mbili, kisha kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama." Mama akapita. Alikuwa ameshamjibu.

Tukakalishwa ukingoni kabisa, upande wa magharibi. Jua lilikuwa linazama ng'ambo, upande wa Kamanga, ziwa limegeuka rangi ya mafuta ya mawese. Watu wa meza ya jirani walikuwa wamesimama wote na simu zao. Mama hakusimama. Alinyoosha kidole: "Kwetu ni kule nyuma." Safari hii alikuja kwa daraja la Kigongo–Busisi, mara yake ya kwanza tangu lifunguliwe Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji, pale alipozoea kusubiri kivuko nusu siku, zikaisha kabla hajamaliza kumenya chungwa. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Anasema kivukoni angalau ulikuwa unapata habari za watu.

Chakula kikaja. Sahani kubwa kama ungo, katikati kipande cheupe cha mnofu, karoti tatu, na jani ambalo sijui lilikuwa la kuliwa au la kutazamwa. Mama akakigeuza kwa uma, akachungulia chini yake.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hapa tunatoa mnofu tu, mama."

"Na mapanki mnayapeleka wapi?"

Kijana akasahau ukumbi mzima. Akacheka cheko la nyumbani kabisa. "Mama, hayo si ndo tunakula sisi!"

Mama akaitazama sahani yake. "Hawa nimewalea kwa mapanki," akanielekezea kidevu. "Leo ndio nakutana na mwenzake."

Kijana ilibidi aweke jagi la maji chini. Mimi pia nilicheka, lakini nikaona macho ya meza ya jirani, nikapunguza. Aliyekulia Mwanza miaka ya tisini, viwanda vya minofu vilipoingia, hahitaji kuelezwa: mnofu unapanda ndege, kichwa na miiba vinabaki na sisi. Mama alikuwa akivikaanga hadi miiba inatafunika. Mpaka leo sijala kitu kitamu kama jicho la sangara. Hilo sikulisema pale mezani, na lingekuwa jambo zuri la kusema.

Giza likaingia. Mwezi haukuwepo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, na taa zikaanza kuwaka mbali huko ghuba inakofungukia, moja, tano, kisha mstari mzima kama mtaa mpya umejengwa majini. Mama akaweka uma chini. Akaanza kuzihesabu. "Wale wawili wamekaribiana mno, watagombana." Akaniambia enzi zake zilikuwa karabai, ukikaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, alfajiri unazisikia zinavuma kabla hujauona mtumbwi, na kwa mvumo tu unajua kama kuna mali au wamerudi na maji. Siku hizi taa za sola, kimya. Nilikuwa simjui hivyo. Miaka yote nilidhani alikuwa akienda Kirumba kununua tu.

Basi nikasahau kabisa ile 15,000.

Kijana akaleta bili. Kalelewa vizuri, ndiyo taabu yenyewe: akaiweka mbele ya aliye mkubwa. Mama hasomi barua, lakini namba hajawahi kukosea maisha yake. Akakifungua kile kijalada, akakisogeza mbali na macho, midomo ikawa inacheza. Sangara wawili 96,000. Juisi mbili 18,000. Maji 4,000. Jumla 118,000.

Akafunga. Akausogeza mkono wake taratibu mpaka kijalada kikafika upande wangu.

"Haya."

Basi. Kwenye gari aliulizia jino la Doto. Nyumbani alilala. Jumapili baada ya ibada akafunga mzigo wake akaondoka.

Nimeirudia kila namna. Jikoni nimeijaribu kwa sauti hadi dada wa kazi akaniuliza naongea na nani. Ipo haya ya "sawa". Ipo haya ya mtu anayefunga genge jioni. Ipo ile ya kumwambia mtoto endelea tu, utaona. Na ipo haya nyingine kabisa, ya kuona haya. Usiku wa kuamkia Jumatatu nilijiaminisha kwamba alianza kusema "huna haya" akaikata katikati. Baba Kulwa anasema natafuta ugonjwa, mama kasema sawa. Nikamwambia wewe Mhaya kila haya unaona ni yako. Akageukia ukutani.

Halafu jana kaka akapiga simu kutoka Sengerema. Nikajua imekuja. Kumbe yuko kwenye kicheko tupu. "Nyie mnakula mlimani kimyakimya! Mama kajaa mtaa mzima anasimulia. Taa, sangara, kijana kamwamkia. Anasema sahani 15,000 tu!"

"Kasema ngapi?"

"15,000. Sasa mbona mnatunyima? Krismasi tunakuja wote, mtupeleke."

Nikamwomba anipe mama. Akaja, akapumua kwenye simu anavyopumuaga.

"Mama, umewaambia 15,000?"

"Si ndivyo ulivyonisomea?"

Nikasikia kama anatabasamu, lakini mtandao kule si wa kuaminika. Wao ni tisa. Mara 48,000 ni 432,000, bila maji. Kama amenisitiri au amenikomesha, sijajua, na nilipotaka kumuuliza alikuwa ameshamrudishia kaka simu akaenda kufunga mbuzi. Ila usiku wa jana nililala vizuri, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Nililala hadi saa tisa, mvua iliponiamsha. Mnakumbuka lile jiwe la nyuma ya jiko niliwahi kuwawekea picha, watoto wamelipanda? Maji yanachimba udongo chini yake. Mwezi uliopita niliingiza mpini wa ufagio ukaishia nusu. Leo asubuhi umeingia wote. Baba Kulwa anasema mawe ya Mwanza yalikuwepo kabla ya babu wa babu zetu. Jiwe ndiyo, lakini udongo je? Kulwa na Doto nimewahamishia chumba cha mbele, na fundi kasema atapita kesho kabla sijaenda kazini.