Siku moja maishani mwangu: mzee wa tezi dume kwenye MRI

Saa 1:00 asubuhi. Nafika kazini. Sumaku ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, haizimwi usiku, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukagua kiyoyozi cha chumba cha mitambo. Kikizembea, mashine inagoma na foleni yote inanigeukia mimi.

Saa 2:00. Magoti mawili na mgongo. Yamepita.

Saa 4:10. Kaingia mzee wa miaka 67.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Kidole tena?”

“Hapa hakuna kidole, unalala tu.”

Akacheka, mabega yakashuka. Nikamuuliza maswali yangu: betri ya moyo? Chuma kwenye nyonga? Choo umepata leo? Hilo la mwisho huwashangaza wengi, lakini utumbo mpana umeegemea tezi kwa nyuma, na gesi ikijaa pale picha inapinda. Nikamrudisha msalani.

Faili lake liliniuma. Mwaka jana, hospitali nyingine, alichukuliwa vinyama 12 vya tezi kwa sindano, kutafuta saratani, bila kupigwa picha kwanza. Majibu safi. Lakini PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imetoka 9 ikafika 14.

Saa 4:40. Yumo ndani, mashine inagonga kama fundi bati. Kuna picha zinazofuatilia maji yanavyotembea kwenye nyama: seli zikisongamana, maji yanakwama. Yalikwama sehemu ya mbele ya tezi. Na kwenye picha ya kawaida, palepale, weusi usio na mipaka, kama mchoro wa mkaa uliofutwa kwa kidole. Sindano za mwaka jana ziliingilia nyuma. Huko mbele hazikufika.

“Vipi mwanangu, umeona nini?”

“Picha zimetoka vizuri mzee. Anayesoma ni daktari.” Sentensi hiyo naisema kila siku, na leo ilikuwa nzito.

Saa 7:30. Wali maharage, baridi.

Saa 8:00. Daktari wa radiolojia kampa 5, alama ya juu kabisa ya kushuku saratani. Kwenye utafiti wa PRECISION wa 2018, wanaume 500, walioanza na MRI saratani ya kutibiwa ilionekana kwa asilimia 38. Waliochomwa moja kwa moja, 26. Nayajua haya, ila bei ya kipimo nayo naijua, na wanaoishia dirisha la malipo nawaona.

Saa 10:00. Natoka, namkuta kwenye benchi na karatasi ya daktari wa mkojo.

“Wa kwanza walinichoma kumi na mbili. Hawa watanichoma ngapi?”

“Chache, mzee. Na sasa wanajua pa kuchoma.”

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.