Siku mwanangu alipomsimulia babu yake mchoro kwenye simu

Kuna jioni moja ya ile likizo ndefu ya kiangazi ambayo siwezi kuisahau, na kila nikiikumbuka naiona kuanzia sakafuni, krayoni zimezagaa, binti yangu kalala kwa tumbo anachora na simu ameiweka pembeni ya karatasi. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minane. Sasa hivi ni mkubwa anajisomea mwenyewe, ila ile karatasi bado ninayo na siitoi.

Mwaka ule familia ilikuwa na habari nyingi sana. Kaka yake alikuwa na miaka sita na nusu, jino la mbele la chini lilikuwa limeanza kucheza tangu shule zinafungwa, likamtoka asubuhi moja anapiga mswaki, akatembea siku nzima mdomo wazi watu waone pengo. Wiki hiyo hiyo baba yao akamtolea vile vitairi vya pembeni kwenye baiskeli, akaanguka mara tatu alafu ya nne akaenda. Mdogo wangu akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mama mzima. Na baba yangu mzazi, ambaye alikuwa amekaa muda mrefu anatuficha kwamba haoni vizuri, hatimaye akakubali kwenda kupimwa na wakamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na inabidi afanyiwe upasuaji, jicho moja kwanza alafu lingine baadaye.

Mimi ndo huwa nampigia baba jioni kumpa habari za watoto. Zamani tulikuwa tunapiga kwa vidio, akawa anasema anaona ukungu tu na mwanga unamchoma, basi tukarudi kwenye simu ya kawaida, sauti peke yake. Nilikuwa na kawaida ya kuandika pembeni mambo ya kumwambia, hasa ya huyu mdogo, maana kipindi kile alikuwa anabadilika kila wiki na nilikuwa naogopa nitasahau.

Kwa mfano kuhesabu. Alikuwa anahesabu mpaka kumi bila kuruka lakini ukimuuliza "haya, viko vingapi?" anaanza upya, moja, mbili, tatu, nne. Mwanzoni nilidhani hanisikilizi. Baadaye nikaja kuelewa kwamba watoto wengi wa umri ule wako hivyo, namba wanazijua kama mtu anavyojua wimbo, ila kwamba ile namba ya mwisho uliyoitaja ndo idadi ya vitu vyote, hiyo inakuja pole pole, kwa wengi inawafikia wakiwa na miaka mitatu na nusu au minne hivi. Yeye ilimfikia kwenye likizo ile, amekaa mapajani kwa baba yake anahesabu vifungo vya shati, akafika saba akanyamaza, akaweka kiganja juu ya vifungo vyote akasema, "Saba." Baba yake akanitazama mimi nikamtazama yeye, hatukusema kitu.

Au maneno. Alikuwa anasema majicho na majino. Kaka yake inamkera kweli, "siyo majicho, ni macho, siyo majino, ni meno!" na yeye anaitikia "ndiyo, macho," alafu dakika moja baadaye, "majicho yangu yanawasha." Mimi nilimwambia kaka yake amuache. Maana fikiria, hakuna mtu mzima hata mmoja nyumbani anayesema majicho, sasa kalitoa wapi? Kasikia jina na majina, jiko na majiko, jani na majani, akajitengenezea sheria kichwani bila kufundishwa, na jicho akaliweka humo humo. Kwangu mimi lile kosa lilikuwa ni akili inayofanya kazi, na nililiandika kwenye orodha ya baba kama sifa.

Na kuchora. Kabla ya likizo zilikuwa ni duara tu, duara nyingi, anabana krayoni kwa ngumi. Alafu vidole vikajifunza kushika, duara zikaota macho, na siku moja duara moja ikateremsha mistari miwili chini na akasema huyo ni mama. Kichwa na miguu, hamna tumbo hamna shingo. Nasikia watoto wa kila mahali wanaanzia hapo hapo, mtu ni kichwa kinachotembea, tumbo linakuja baadaye sana. Mimi mwenyewe naona hawajakosea, maana ukiwa mdogo hivyo unachokutana nacho zaidi ni sura inayokuinamia na miguu inayopita.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitia huzuni, simu. Alikuwa anampenda babu yake sana, ila ukimpa simu hasemi. Babu anauliza, "Umekula bibie?" yeye anatikisa kichwa. "Unampenda kaka yako?" anatikisa kichwa, tena kwa nguvu, na anatabasamu kabisa, na kule upande wa pili mzee anasikia kimya, "Hallo? Yupo?" Siku nyingine anamwonyesha simu kidole chenye kidonda, anakisogeza karibu na spika ili Babu akione vizuri. Mimi nakimbilia kusema, "baba, anatikisa kichwa, anasema ndiyo," na naona mzee anajitahidi kucheka lakini inamuuma, kwa sababu hata tukimletea huyo mtoto mbele yake angemwona kama kivuli tu.

Sasa jioni yenyewe ilikuwa ni ya kuamkia siku ya upasuaji. Kaka yangu ndo alikuwa naye kule, alishaniambia pembeni kwamba mzee hasemi ila anaogopa, hajala vizuri, kila saa anauliza hivi daktari akipiga chafya itakuwaje. Mimi nikawa nimepanga vizuri, nitampigia, kaka mtu atasema habari za baiskeli na jino, alafu mdogo atamhesabia Babu mpaka kumi na kumwimbia ule wimbo wa shule. Nikamwandaa tangu mchana.

Tulivyopiga, kaka akasema ya kwake vizuri. Zamu ya mdogo ikafika, akakataa. Hataki kuhesabu, hataki kuimba, hainui hata kichwa, anachora. Nikambembeleza, nikamwambia Babu anasubiri, wapi. Nikaona nisimlazimishe nikaweka spika, simu nikaiacha pale sakafuni karibu naye, mimi nikaendelea kuongea na baba nimekaa kwenye kiti. Tukaongea ya hospitali, wamemwambia awahi asubuhi, kwamba ni jicho la kulia kwanza, wanatoa ile lenzi iliyochafuka wanaweka nyingine ya kutengeneza, na kwamba yenyewe haichukui muda mrefu. Nilikuwa namrudishia maneno yale yale aliyoambiwa na daktari, maana sikuwa na mengine.

Katikati ya hapo mtoto akauliza, "Babu, mtoto wako anaitwa nani?"

Baba akadhani anaulizwa kuhusu sisi, akaanza kunitaja mimi. Akamkatiza, "Hapana, mtoto wa jicho."

Hapo ndo nikaelewa. Huyu mtoto wiki zote zile alikuwa anasikia kwamba mama mdogo amepata mtoto, na Babu naye ana mtoto wa jicho. Kwake yeye ni habari moja, watoto wameongezeka kwenye familia, na huyu mmoja anaishi sehemu mbaya na kesho daktari anaenda kumtoa. Tulikuwa tunaongea mbele yake kana kwamba hayupo, kumbe yeye neno linamfika na analihangaikia peke yake.

Nikawa nataka kumsahihisha, baba akaniwahi. Akasema taratibu kabisa, "Hajapewa jina bado. Wewe unaonaje?"

Mtoto akatikisa kichwa. Nikafungua mdomo kusema "baba, anatikisa kichwa," kama siku zote, na kabla sijasema yeye mwenyewe akasimamisha krayoni, akaangalia simu, akaangalia karatasi yake, nikaona kabisa kuna kitu kinampita usoni. Akasema, "Babu, huoni eti?"

"Sioni, bibie."

"Haya, nakwambia."

Akainama na pua yake karibu kugusa spika akaanza kumsimulia mchoro wake, hakuna aliyemwomba. "Hiki ni kichwa chako. Kikubwa. Hii miguu yako, miwili, mirefu mpaka huku chini. Haya majicho yako. Huku kuna mtoto, na huku kuna mtoto. Huyu amelala. Huyu analia." Nikateremka kwenye kiti nikapiga magoti nyuma yake nione. Ni kweli, duara kubwa la bluu, ndani macho mawili, na ndani ya kila jicho duara kadogo kenye vimiguu viwili.

Na kaka yake, nashukuru, hakusahihisha majicho.

Baba akakaa kimya, alafu akauliza, "Huyo anayelia, analia nini?"

"Hataki kutoka. Anaogopa daktari."

"Mwambie asiogope. Mwambie daktari atamtoa pole pole, haumii."

Mtoto akaihama simu, akainamia karatasi, akalinong'oneza lile jicho. Sikusikia alichosema. Akarudi kwenye simu, "Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema sawa. Lakini umshike mkono."

Pale baba akashindwa kujibu, nikasikia anapumua tu, alafu akasema, "Nitamshika." Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda jikoni kwa sababu sikutaka watoto waone machozi wakadhani kuna jambo baya.

Mimi nilikuwa na orodha, namba mpaka kumi, wimbo wote, na vyote nilivitaka vitoke jioni ile kwa saa niliyopanga mimi. Kilichotoka hakikuwa kwenye orodha kabisa. Wiki mbili nyuma alikuwa anaonyesha kidonda kwa simu, na jioni ile akajua kwamba anachokiona yeye mwenzake hakioni, na kwamba maneno yanaweza kukipeleka. Nimesoma baadaye kwamba kujua hivyo, kwamba kichwani kwa mwenzio hamna yaliyomo kwako, ni kitu kinachokua kwa mtoto miaka ile ile ya tatu kwenda ya nne. Lakini kusoma ni kusoma tu, mimi nilikiona kinafika, nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake.

Upasuaji ulienda vizuri. Kesho yake walipomtoa bandeji kaka yangu akanipigia, akanipa mzee, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba shati la kaka yangu kumbe ni jeupe, yeye alikuwa anadhani ni la kahawia. Ndo hivyo mtoto wa jicho unavyofanya, unachafua rangi kidogo kidogo mpaka mtu anasahau nyeupe ilikuwaje.

Kabla shule hazijafunguliwa tukaenda kumwona. Mtoto alibeba ile karatasi mwenyewe safari nzima, imekunjwa mara nne, hakutaka mtu amshikie. Tulipofika akasahau hata kusalimia, nikamkumbusha, akasema "Shikamoo Babu" huku anaikunjua. Baba akaishika akaisogeza karibu, akaitenga mbali, akaifumbia jicho la kushoto akaiangalia na lile jipya muda mrefu. Akafuatisha miguu yake kwa kidole mpaka chini.

Mtoto akapanda mapajani kwake, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamgeuzia sura kwenye mwanga. Akachungulia jicho la kulia, mboni nyeusi tii. Kisha akahamia la kushoto, lile ambalo lilikuwa halijafanyiwa kitu, ambalo ukilitazama karibu unaona katikati pana weupe kama maziwa. Akakaa analitazama bila kupepesa.

"Huyu bado amelala," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi tusimwamshe," baba akamjibu, naye kwa kunong'ona.