Jinsi nilivyoyasoma majibu yangu ya damu hadi ugonjwa wa misuli ukajulikana

Kwa miezi mingi nilitibiwa ini ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Kilichokuwa kinaumwa ni misuli, kwa ugonjwa ule ambao kinga ya mwili huwageukia wenyeji wake, ikashambulia misuli, mapafu na viungo, na ambao madaktari huuita sindromu ya antisinthetesi. Ni ugonjwa adimu, hilo nalielewa. Lisilonitoka moyoni mpaka leo ni kwamba dalili zake zilikuwa zimeandikwa katika karatasi zangu za maabara tangu mapema, ila kila aliyezishika alisoma mstari mmoja tu akanipa dawa.

Nilianza kwa kushindwa kujitwisha ndoo ya maji. Kisha kuinuka chooni kukawa kwa kushika ukuta, kupanda daladala kukawa kwa kuvuta chuma cha mlangoni kwa mikono miwili, na nilipokaa kumsuka binti yangu mikono ilichoka kabla ya mstari wa kwanza kufika kisogoni. Kikohozi kikavu kikafuata. Makohozi yalipimwa na kifua kikuu hakikuonekana. Kituo kimoja kilinipima Widal, kikakuta 1:80, nikaandikiwa dawa za taifodi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, na katika nchi kama yetu ambako taifodi ni ugonjwa wa kawaida, watu wengi wenye afya njema hubeba kingamwili za kiwango hicho, kwa hiyo 1:80 peke yake haithibitishi kitu.

Baadaye ndipo likaja suala la ini. AST na ALT ni vimeng'enya ambavyo wengi huvihesabu kuwa vya ini; AST ilikuwa 310 na ALT 240, wakati kikomo cha maabara ile kilikuwa karibu 40 kwa vyote viwili. Niliambiwa, "Mama, ini lako linaumia, acha mitishamba," nami mitishamba sijawahi kuitumia. Homa ya ini aina ya B na C zikapimwa, hazikuwepo. Altrasaundi ikaonyesha ini safi. Hata hivyo niliendelea kupewa vidonge vya kulisafisha, na kila niliporudi AST ilikuwa palepale. Fedha zilizokwenda huko, pamoja na nauli, zilifika laki kadhaa.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika, na kazi yangu ni kutafuta hesabu isiyolingana. Nilichukua daftari la kaunta, nikachora safu moja kwa kila tarehe na mstari mmoja kwa kila kipimo, na pembeni ya kila namba nikaandika kizio chake na kiwango cha kawaida cha maabara husika, kwa sababu viwango hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine na kulinganisha namba tupu kunapotosha. Kisha nikampigia mpwa wangu anayesomea maabara, nikamwomba anieleze kila mstari unapima nini hasa. Tulikaa kwenye simu jioni nzima. Tulipopanga upya mistari, ya ini ikagawanyika mbele ya macho yetu: AST na ALT zilikuwa juu sana katika kila safu, lakini vipimo vingine vya ini havikuwa hivyo: bilirubini ilikuwa ya kawaida, albumini ya kawaida, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, ilikuwa 24, yaani haikuwa imesogea kabisa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama mdogo, AST na ALT zinapatikana kwenye misuli pia. GGT kwenye misuli haipo. Mbona hawajakupima CK, kimeng'enya cha misuli?"

Nililibeba daftari hilo hadi hospitali nyingine, nikaliweka mezani wazi. "Daktari, samahani, naomba kuuliza. Je, vimeng'enya hivi viwili vinatoka kwenye ini peke yake?" Yule daktari kijana aliangalia safu zile kwa makini, akaniambia, "Hapana, mama. Hebu inuka hapo bila kushika kiti." Nikashindwa. Akanishika mikono, akatazama kando za vidole gumba na vya shahada, ambako ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama ya mtu anayeshinda na vyuma na grisi. Hakuna aliyewahi kuitazama ngozi ile, ambayo nayo ni dalili ya ugonjwa huu.

Muuguzi alitaka kunichoma kwanza sindano ya maumivu, nikamwomba, "Sista, tutoe damu kwanza." Ninawasihi wengine wafanye hivyo, kwa kuwa sindano ya kwenye msuli, kama ilivyo kazi nzito ya mwili, hupandisha CK na kuharibu usomaji. Ni vizuri pia kujua kwamba CK ya watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa juu kidogo ya viwango vilivyochapwa, hivyo ongezeko dogo lisimtishe mtu. Yangu ilikuwa 5,800, na kikomo kilikuwa karibu 200.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa ANA, kipimo cha damu cha magonjwa ya kinga. Majibu yaliandikwa kuwa hasi, na daktari wa zamu akanihakikishia kwamba sina ugonjwa wa kinga. Ushauri huo ungeweza kuniua. ANA hutafuta kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, na adui yangu hakuwa ndani ya kiini. Chini kabisa ya karatasi, kwa maandishi madogo, mtaalamu wa maabara alikuwa ameandika kwamba ameona madoadoa kwenye saitoplazimu, yaani nje ya kiini. Daktari bingwa alipousoma mstari ule akaagiza kipimo cha Jo-1, kingamwili iliyoelezwa mwaka 1980, inayoshambulia kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya saitoplazimu. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi kwa gharama iliyonilazimu kukopa, ikarudi chanya kwa kiwango cha juu. Picha ya CT ya kifua ikaonyesha mapafu yameanza kushika makovu. Kinyume chake pia hutokea: jirani yangu aliambiwa ana lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, kwa ANA ya 1:80 na uchovu tu, ilhali zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wasio na ugonjwa wanaweza kupata jibu hilo.

Sasa natumia prednisoloni na azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu zilipopanda baada ya kuanza prednisoloni sikupewa antibiotiki, kwa sababu dawa yenyewe huzipandisha, na sikuwa na homa wala dalili nyingine ya maambukizi. CK ilishuka wiki nyingi kabla ya nguvu kurudi, kwa hiyo asiyeona nafuu mwilini asidhani tiba imeshindwa. Daftari bado ninalo. Azathioprini inaweza kulidhuru ini kweli, hivyo ALT ikipanda siku hizi tunaangalia CK na GGT siku hiyohiyo: CK ikipanda pamoja nayo, misuli imeanza tena, CK ikiwa imetulia na GGT imepanda, safari hii ini ndilo la kuchunguzwa.