Linki yangu ilikuwa inasema "Karibu"

Mwezi mzima nilikuwa natupia linki ya tovuti yangu kwenye magrupu ya WhatsApp. Watu wanajibu "asante sana", wengine na viganja vya kuomba, halafu nikienda kwenye takwimu nakuta hakuna aliyefungua. Tovuti yenyewe inafundisha kutengeneza cherehani, kitu ambacho watu wanakitafuta kweli. Nikaanza kudhani tatizo ni mimi.

Fundi mwenzangu ndiye aliyenitumia picha ya skrini ya simu yake. Chini ya linki palikuwa na kiboksi cha kijivu kitupu na neno moja: "Karibu". Makala ilihusu uzi unaokatika, lakini aliyetumiwa hakuwa na namna ya kujua. Nani afungue mlango wa nyumba asiyojua ina nini?

Kumbe kile kiboksi hakijitengenezi. Kinasoma mistari iliyofichwa kichwani mwa ukurasa, utaratibu unaoitwa Open Graph, ambao Facebook waliuleta mwaka 2010 na leo WhatsApp na Telegram nao wanausoma. Mimi kiolezo changu, yaani muundo uliokuwa tayari wa kurasa za tovuti, kilikuwa kimeandika "Karibu" kwenye kila ukurasa. Nikaanza upya. Kwenye og:title, mstari wa kichwa cha habari, nikaweka "Uzi unakatika kila ukishona? Anza na sindano". Kwenye og:image, mstari wa picha, nikaweka sindano iliyopinda, nimeipiga kwa karibu mpaka tundu linaonekana, nikaikata pikseli 1200 kwa 630. Nembo yangu nikaitoa, ingawa iliniuma, maana niliilipia.

Nikatuma tena. "Karibu" ileile! Hapo nusura nirushe simu. Mitandao hii hutunza nakala ya mara ya kwanza. Facebook wana ukurasa wao wa kukagua linki, unaubonyeza wasome upya. Kwa WhatsApp nilichofanya ni kuongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani, ikahesabika kuwa linki mpya. Zile nilizokwisha kutuma zilibaki na aibu yake.

Vitufe vya kushea nilikuwa navyo sita, vimepangwa juu kabisa kabla hata msomaji hajasoma sentensi moja. Nimebakiza kimoja cha WhatsApp, chini, pale ambapo uzi umeshaacha kukatika na mtu ana sababu ya kumkumbuka mwenzake. Linki ya kitufe hicho ina utm_source=whatsapp, alama inayoiambia takwimu mgeni katoka wapi, kwa sababu bila alama hiyo wanaotoka kwenye magrupu wengi huhesabiwa kama wamekuja "moja kwa moja".

Wageni wakaja, lakini wakisoma ukurasa mmoja wanaondoka. Orodha ya "makala nyingine" haikumgusa mtu. Nikaifuta, nikaandika sentensi moja tu: "Kama uzi haukatiki tena lakini mshono unaruka, tatizo linaweza kuwa hapa." Hiyo ndiyo inabonyezwa, kwani anayesoma ana cherehani mbele yake na anataka kumaliza kazi.

Juzi linki imenirudia kwenye grupu la familia. Imetumwa na shangazi, yenye picha ya sindano na utm yake vilevile. Chini ameandika: "Mwanangu, soma hii, wewe si unapenda mambo ya cherehani?"