Simu ilipigwa kwa mtu mwingine

Jana saa mbili usiku niliingia Dodoma na gari langu. Kutoka Dar ni kama kilomita 450, na zote niliziendesha redio ikiwa imezimwa, nasikiliza injini. Nilipofika Mbande, pale barabara ya Kongwa inapoungana na barabara kuu, nilisimama pembeni. Gari halikuwa na shida yoyote. Nilitaka tu kukaa kidogo na kuitazama ile barabara ya Kongwa, ambayo mwezi Juni nusura inichukulie mama yangu.

Siku ile nilikuwa nimemfuata mama Mpwapwa, nimlete kliniki ya moyo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Taa ya oili haikuwaka hata mara moja. Kilichotangulia ni mlio, ko-ko-ko, kama mtu anagonga sufuria kwa mwiko, na kila nikikanyaga mafuta unazidi. Nikapunguza mwendo. Mara injini ikazima, tuko kwenye mteremko na nyuma yetu lori la mahindi. Usukani ukawa mzito. Breki ilishika nilipokanyaga mara ya kwanza, ya pili nikakuta imekuwa ngumu kama nakanyaga ukuta. Sikuwa najua kwamba injini ikizima, nguvu inayosaidia breki hubaki ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Namshukuru Mungu ile ya kwanza niliikanyaga yote na gari likaingia kwenye majani. Lori likapita na honi ndefu. Mama alikuwa ameuma pindo la kanga yake. Hakupiga kelele. Aliponyanyua uso akaniuliza, "Umeumia, mwanangu?"

Fundi wangu wa Chang'ombe ya hapa Dodoma alilivuta gari hadi gereji kwake. Alimwaga oili kwenye beseni jeupe, akalitoa juani, akaikoroga kwa kidole. Ilikuwa inameta, chembechembe ndogo ndogo za chuma, nyingi.

"Mwalimu, injini imenoki," akasema. "Na hii siyo ya kukosa oili. Beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, zimeliwa."

Kisha akafanya jambo ambalo nitamkumbukia maisha yangu yote: akafunga boneti. Angeweza kushusha injini siku ile ile akala hela yangu, na mimi nilivyokuwa nimechanganyikiwa ningelipa. Badala yake alijaza ile oili kwenye chupa ya maji, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akaniambia, "Tukifungua, watasema sisi ndio tumeharibu. Kuna mwenzangu Dar aliniambia injini za toleo hili ziliitwa na kampuni. Kaulize kwanza."

Ndipo nikalijua neno rikoli. Kampuni ikigundua hitilafu ya kiwandani inayohatarisha usalama, inayaita magari ya toleo hilo yarudi kwa wakala wake wa nchini, yakaguliwe na kutengenezwa bila mmiliki kulipa. Ni tofauti na waranti. Waranti ina miaka na kilomita zake, ikiisha imeisha, na ya kwangu iliisha kabla sijalinunua hili gari. Rikoli inafuata namba ya chesisi. Haijali gari limepita mikononi mwa watu wangapi. Kwa toleo langu tangazo lilieleza kwamba mabaki ya chuma yalibaki ndani ya krenki shafti, mhimili unaozungushwa na zile konrodi, wakati wa kuichonga, yakaziba vijia vya oili, beringi zikakauka na kusagika polepole. Nilisoma lile tangazo usiku, mara nne nadhani. Kumbe gari lilitoka kiwandani na ugonjwa wake.

Wakala alilipokea tangazo miaka miwili kabla injini yangu haijafa.

Nilipopiga simu mara ya kwanza niliambiwa nilipeleke Dar likaguliwe, usafiri juu yangu. Nikakodi lori la kubebea magari, laki nane. Wiki iliyofuata nikapanda treni ya SGR asubuhi, nikashukia Dar kabla ya saa sita, nimevaa vizuri, nimebeba faili. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake, "Karibu dada, kaa hapa dada", lakini karatasi aliyonipa ilisema shilingi milioni 9 na laki 4. Huo ni karibu mshahara wangu wa mwaka mzima. Sababu waliyoandika: mteja hakuzingatia matengenezo.

Niliisoma hiyo sentensi nikahisi uso unawaka moto. Tangu nilinunue mwaka 2021, hilo gari nimelibadilishia oili kila kilomita 5,000. Kila mara nilichukua risiti ya EFD nikaiweka kwenye bahasha. Nikaitoa bahasha mbele yao, na karatasi zilikuwa nyeupe. Maandishi ya zile risiti hufifia kwa joto, na bahasha yangu ilikaa miaka mitatu kwenye droo ya dashibodi, chini ya jua la Dodoma. (Kama unazo, zipige picha leo hii.) Kilichobaki ni daftari la shule la kurasa 64 ambalo fundi alinisisitiza niandike: tarehe, kilomita, aina ya oili, sahihi yake. Yule kijana alilifungua, akalifunga, akasema daftari si kumbukumbu rasmi kwa sababu sevisi hazikufanyika kwao.

Huku Dodoma hawana karakana. Ningezifanyia wapi?

Nilirudi na treni ya jioni. Nilikuwa nimewaza kwamba baba, kama angekuwa hai, angegonga meza. Mimi sina sauti hiyo. Nina barua. Nimefundisha uandishi wa barua rasmi kwa miaka kumi na minne, na usiku ule niliandika barua moja kwa moyo wangu wote. Nikaeleza namba ya chesisi, kilomita, siku na mahali injini ilipozima, nikaambatanisha picha ya beseni na nakala za kurasa zote za daftari. Nikataja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, maana ina sehemu nzima inayohusu usalama wa bidhaa, na mwisho nikaweka nakala kwa Tume ya Ushindani inayoisimamia. Nyingine nikaituma kwa barua pepe makao makuu ya kiwanda, ng'ambo. Ya wakala niliipeleka mwenyewe. Sikuondoka kaunta mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa, na nilisubiri saa moja na nusu kwa ajili ya huo muhuri.

Kiwanda kilijibu siku ya tisa, mistari minne tu: chesisi yako imo kwenye orodha, marekebisho hayajafanyika, wasiliana na wakala wetu kwa namba hii ya shauri.

Kuanzia hapo sauti zilibadilika. Mkuu wa karakana akanipigia mwenyewe. "Mwalimu, pole sana kwa usumbufu." Nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua: kama mlijua miaka miwili, kwa nini hamkuniambia? Akanijibu bila kuficha, na kwa hilo namheshimu. Walipiga simu. Walipiga namba ya mnunuzi wa kwanza, mradi mmoja uliokuwa na ofisi Dar. Mradi uliisha, magari yakapigwa mnada, namba ikafungwa. Kwenye kompyuta yao wakaandika "hapatikani" na kuendelea na kazi nyingine.

Hapatikani! Jina langu liko kwenye kadi ya gari. TRA wananijua, bima wananijua, hata trafiki akinisimamisha Ihumwa anaandika namba ya gari kwenye mashine yake na kunijua. Mtu pekee aliyekuwa na habari kwamba injini yangu inaweza kuzima barabarani ndiye ambaye hakujua mimi ni nani, na hakutafuta.

Tangu hapo nalala na jambo hili. Nimesoma kuhusu mifuko ya hewa ya magari ya kampuni ya Kijapani, Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata mfuko ukifumuka unarusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekani peke yake mifuko zaidi ya milioni 60 iliitwa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Magari ya Kijapani ya miaka hiyo ndiyo yaliyojaa mitaani kwetu, yameletwa yakiwa yametumika, na simu ya rikoli, kama ilipigwa, ililia kwa mtu wa Japani aliyekwisha kuuza gari lake. Jirani yangu wa mtaa wa Kisasa alijaribu kuangalia la kwake kwenye tovuti ya Marekani, ikamjibu namba hiyo haipo. Tovuti hiyo inataka namba ya tarakimu na herufi 17, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi zaidi. Inabidi uingie kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyolitengeneza. Tulikaa naye jioni nzima tukitafsiri kwa simu mpaka tukaipata.

Gari langu wameliwekea hafu injini mpya, yaani sehemu ya chini ya injini. Bila malipo. Laki nane za lori hawajanirudishia, nimeshaandika barua ya pili. Namba ya injini nayo haifanani tena na iliyo kwenye kadi, kwa hiyo Jumatatu nianze na TRA. Katika wiki hizi kumi na tano mama amekwenda kliniki mara tatu kwa basi, moja akiwa amesimama kutoka Kongwa hadi Kibaigwa kwa sababu alipandishwa basi lisilo lake.

Leo asubuhi nilikwenda soko la Majengo kununua zabibu za kumpelekea. Nje ya soko nikaona gari kama langu, toleo lile lile, limepakiwa magunia ya vitunguu hadi juu. Nikasimama kando yake. Dereva alipotoka, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, nilimsalimu, nikamuuliza limetembea kilomita ngapi na kama analisikia likigonga wakati wa kupanda mlima.

"Kidogo," akasema. "Umejuaje?"

Nikamwomba afungue mlango wa mbele. Namba ilikuwa imefunikwa na vumbi. Akaifuta kwa kiganja, mimi nikawasha tochi ya simu, akaanza kunisomea herufi moja moja.