Waraka wa Taaluma Unamgusa Nani, na Kuanzia Lini?

Kila muhula unapokaribia kuanza, ofisi ya taaluma ya chuo kikuu hutuma nyaraka kwa wahadhiri, wakuu wa idara, wakuu wa vitivo na maofisa wa usajili. Ndani yake huwamo kalenda ya masomo, kozi zilizobadilishwa, taratibu za mitihani, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha alama na, mara mojamoja, vigezo vipya vya kupandishwa cheo. Nimewahi kuziandika nikiwa katibu wa kamati ya mitaala, na sasa nazipokea kama mhadhiri wa kawaida. Nimejenga mazoea ya kutafuta sentensi moja kabla ya kusoma nyingine yoyote, nayo ni ile inayoeleza mabadiliko yanamgusa nani na yanaanza lini. Waraka ukiikosa sentensi hiyo, hata uwe umeandikwa kwa ufasaha namna gani, kazi ya kuamua imeondolewa kwenye kikao na kuachiwa yeyote atakayekuwa zamu siku wanafunzi wanapojisajili.

Ugumu unatokana na ukweli kwamba programu ya miaka mitatu au minne haina kundi moja la wanafunzi. Wakati wowote ule humo wamo waliodahiliwa chini ya mtaala wa zamani, waliodahiliwa baada ya marekebisho, wanaorudia mwaka, na walioahirisha masomo kwa ugonjwa au uzazi ambao watarejea wakakuta wenzao wameshahitimu. Maneno "kuanzia mwaka ujao wa masomo" yanaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa: ama wanafunzi wote watakaokuwa darasani mwaka huo, ama wale tu watakaodahiliwa mwaka huo. Tuseme kozi ya takwimu imehamishwa kutoka mwaka wa pili kwenda mwaka wa kwanza. Aliyemaliza mwaka wa kwanza hakuisoma, kwa kuwa haikuwapo, na akifika mwaka wa pili hataikuta, kwa kuwa imeondoka, ilhali mwaka wa tatu kuna kozi ya mbinu za utafiti inayomtaka awe ameifaulu hiyo hiyo takwimu. Idara moja itamruhusu asome na wadogo zake, idara jirani itamsamehe, na ya tatu itambunia kazi ya ziada ambayo haipo katika kanuni yoyote. Hakuna aliyekosea, kwa sababu waraka ulinyamaza. Lakini siku ya kuhakiki majina ya wahitimu msajili atakuta wanafunzi wa programu moja wenye hati za matokeo zisizofanana, kila mmoja akiwa na barua ya mkuu wa idara yake.

Maelezo ya kipindi cha mpito yanapaswa pia kusema kozi inayofutwa itafundishwa kwa mara ya mwisho lini, mtihani wake wa marudio utaendelea kutungwa hadi muhula gani, na nani atautunga ikiwa mwalimu wake amepangiwa kazi nyingine. Mambo haya yanaonekana madogo yakisomwa mezani. Hata hivyo, malalamiko mengi niliyopata kuyaona yakifika kwenye kamati ya rufaa yalihusu mwanafunzi aliyeshindwa kozi ambayo baadaye ilifutwa, akabaki na deni asiloweza kulilipa popote.

Tatizo huongezeka pale kinachobadilika ni idadi ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ulioanza mwaka 1989 kwa ajili ya wanafunzi wa kubadilishana na baadaye ukawa nguzo mojawapo ya mchakato wa Bologna, yaani mpango wa nchi za Ulaya wa kuoanisha mifumo yao ya elimu ya juu, ambao azimio lake lilitiwa saini na nchi 29 mwaka 1999, mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kwa kawaida krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kuipandisha kozi kutoka krediti 5 hadi 6 kwa hiyo si kubadili tarakimu tu katika jedwali. Ni kumwongezea mwanafunzi takriban saa 25 hadi 30 za kusoma, kuandika na kufanya mazoezi, na ni kuubadili mwaka uliojengwa kwa kozi 12 uwe wa kozi 10. Kozi mbili lazima ziondoke. Waraka unaotangaza kwamba kozi zote sasa ni za krediti 6 bila kutaja zilizoondoka, na bila kueleza mwanafunzi aliyekwisha kusoma saba za mtindo wa zamani, yaani krediti 35, atafikaje 60 kwa kozi za sita sita, haujamaliza hesabu yake. Atasoma nne apungukiwe krediti moja, au tano azidishe tano. Chuo kinaweza kuchagua lolote kati ya hayo, mradi kiseme.

Nikiwa hapo, niongeze jambo ambalo huwafurahisha wahadhiri wenzangu wanaodhani krediti iliteremka pamoja na elimu yenyewe. Desturi ya kupima masomo kwa saa ilipata nguvu Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati taasisi iliyoanzishwa na Andrew Carnegie mwaka 1905 ilipogharimia pensheni za maprofesa. Vyuo vilivyotaka kunufaika vililazimika kudahili wanafunzi waliotimiza idadi maalumu ya vipimo vya masomo ya sekondari, na vipimo hivyo vilihesabiwa kwa muda wa kukaa darasani. Uhasibu wa pensheni ukawa kipimo cha elimu. Simlaumu mtu, ila nadhani historia hiyo inatosha kutufanya tuwe wanyenyekevu tunapobishana kuhusu krediti moja.

Sehemu ya pili ninayoitafuta katika waraka ni mamlaka yake. Msomaji anapaswa kuweza kutofautisha mambo matatu: lililokwisha kuamuliwa na seneti (chombo kikuu cha maamuzi ya kitaaluma chuoni), linalopendekezwa ambalo maoni yake bado yanapokelewa, na kanuni ya siku nyingi inayokumbushwa tu. Nyaraka nyingi huyachanganya yote matatu chini ya maneno "wahadhiri wanakumbushwa kwamba", nayo ni njia rahisi sana ya kupitisha kanuni mpya kwa kujifanya ni ya zamani. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linatambua haki ya walimu hao kushiriki katika vyombo vya uongozi vya taasisi zao, na haki hiyo haina uzito wowote ikiwa mhadhiri hajui jambo alilosoma limekwisha fungwa au bado linajadiliwa. Tarehe ya kikao na namba ya azimio hazichukui hata nusu mstari. Watawala wengine huziacha wakidhani zinaufanya waraka uwe mkavu, na mimi ningependa waraka mkavu kuliko waraka usio na baba.

Mfano mzuri wa miaka ya karibuni ni wa akili unde (AI). ChatGPT ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022, wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa katikati au mwishoni mwa muhula, na nyaraka zikaanza kutoka kwa haraka: nyingine zikipiga marufuku, nyingine zikiwaagiza wahadhiri wapitishe kazi za wanafunzi katika programu za kugundua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT, yenyewe ilitoa kigunduzi chake Januari 2023 ikakiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu ya usahihi mdogo. Mhadhiri aliyekuwa na waraka wa kumwagiza atumie vigunduzi alibaki na agizo lisilo na chombo cha kuaminika, na mwanafunzi aliyetuhumiwa alibaki na shauri ambalo ushahidi wake mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameuacha. UNESCO ilitoa mwongozo wake kuhusu matumizi ya akili unde elimuni Septemba 2023, lakini hakuna mwongozo wa kimataifa unaoweza kusema ni kazi ipi katika kozi ipi inaruhusu msaada gani. Hilo ni la mwalimu wa kozi, na waraka wa ofisi ya taaluma unafanya vema unapomtaka aliandike katika muhtasari wa kozi kabla ya wiki ya kwanza badala ya kuliamua kwa niaba yake. Hapa pia swali la nani na lini halikwepeki: kazi iliyotolewa kabla ya kanuni haiwezi kuhukumiwa kwa kanuni hiyo, na mwanafunzi wa uzamili aliyeandika nusu ya tasnifu yake kabla ya marufuku anahitaji jibu la maandishi.

Kwa wahadhiri wenyewe, mpito unaouma zaidi ni wa vigezo vya kupanda cheo. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotungwa Desemba 2012 na kutangazwa Mei 2013, lilitaka taasisi ziache kutumia wastani wa kunukuliwa kwa jarida zima kama kipimo cha ubora wa makala moja au wa mtafiti mmoja. Ninaliunga mkono bila kusita. Lakini mhadhiri kijana aliyetumia miaka minne akisubiri majibu ya majarida yenye wastani mkubwa, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, hawezi kuambiwa katikati ya safari kwamba sasa kinachotazamwa ni kitu kingine. Njia ya haki ninayoijua ni kumpa mwombaji hiari ya kuchagua vigezo vya zamani au vipya kwa kipindi kinachotajwa, na kuilazimisha kamati iandike imetumia vipi. Wahadhiri wa muda, ambao mara nyingi hata hawamo katika orodha ya wapokeaji, wasisahauliwe nao. Ndio wanaofundisha madarasa makubwa na ndio wa mwisho kusikia kwamba fomu ya alama imebadilika.

Kuhusu kalenda sina mengi. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha alama huheshimiwa zaidi inapotajwa pamoja na hatua zinazoifuata, yaani bodi ya watahini ya idara, mtahini wa nje, bodi ya kitivo na hatimaye seneti, kwa sababu mhadhiri huona ni kikao gani anachokikwamisha.

Waraka ukishatekelezwa, mahali pake ni kumbukumbu, na vyuo vingi huzembea hapo. Tovuti hubadilishwa, mwongozo wa wanafunzi wa mwaka uliopita hufutwa ili usiwachanganye wasomaji, na kanuni iliyofutwa hupotea pamoja nao. Baada ya miaka kumi mhitimu huomba kazi au masomo katika nchi nyingine, na mamlaka ya huko huuliza kozi yake ilikuwa na saa ngapi na alama ya kufaulu ilikuwa ngapi wakati huo. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 5 Machi 2023, unategemea taarifa za aina hiyo zipatikane. Ofisi ya taaluma inayohifadhi kila toleo la kanuni, likiwa na tarehe lilipoanza na tarehe lilipokoma kutumika, humjibu mhitimu huyo kwa siku moja. Isiyohifadhi humwelekeza kwa profesa mstaafu ambaye huenda bado anakumbuka.